Mimba zabibu si uchawi: Funzo kutoka kwa mtoto wa Kisumu

AFYA NA USAFI
Na Mwandishi Wetu, Mpui



Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kuchemsha, vyoo, kunawa mikono na malaria. Leo tunaomba ruhusa kuingia chumba cha ndani zaidi, tuzungumzie mji wa mimba wa mama zetu, wake zetu na dada zetu. Jambo lenyewe lina aibu. Kwa sababu ya aibu watu hunyamaza, na kwa sababu ya kunyamaza watu hufa.

Tuseme mama mmoja hapa Mpui amekosa hedhi miezi mitatu. Mumewe amefurahi na mama mkwe ameanza kuhesabu miezi. Tumbo linakua, tena linakua upesi kuliko umri wa mimba yenyewe. Kutapika kumezidi mpaka hata maji hayakai. Kisha inaanza kutoka damu kidogo kidogo, ya rangi ya kahawia. Usiku mmoja anatokwa na vitu kama vishada vya zabibu, kila kimoja kina maji ndani. Mtoto hayupo.

Kwa aliyeshika taa usiku huo, hilo ni jambo la kutisha. Je, neno la kwanza litakalosemwa ni lipi? Sote tunalijua. Watasema amechezewa. Atatajwa jirani, atatajwa mke mwenza, atatajwa shangazi. Asipopatikana wa kutajwa, atatajwa mama mwenyewe: ana mkosi, tumbo lake bovu, alikula nini, alipita wapi. Yupo atakayepelekwa kwa mganga, na yupo atakayerudishwa kwao na talaka mkononi.

Wenyeji wa Ufipa hueleza kuwa jina la mji wetu mkuu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Anayeingia autupe nje, ndipo apite. Makala hii inaomba jambo hilo hilo. Tukifika kwenye tumbo la mama, tuutupe uchawi nje, kisha tuingie na elimu. Na elimu hiyo, kwa sehemu kubwa, ilifumbuliwa na mtu aliyezaliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

MTOTO WA KISUMU

Mwaka 1945, katika mji wa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, alizaliwa mtoto aliyeitwa Azim Surani. Wazazi wake walikuwa wa asili ya India, kama zilivyokuwa familia nyingi katika miji ya Afrika Mashariki wakati huo. Alikwenda Uingereza kusoma. Akapita Plymouth, akapita Strathclyde kule Scotland, kisha akafika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alipata shahada ya udaktari wa falsafa mwaka 1975.

Mwalimu wake pale Cambridge alikuwa Robert Edwards. Huyu ndiye, pamoja na Patrick Steptoe, aliyewezesha kuzaliwa kwa Louise Brown mwezi Julai 1978, mtoto wa kwanza duniani ambaye yai la mama na mbegu ya baba vilikutanishwa nje ya tumbo. Kwa kazi hiyo Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Surani alijifunza kwa mtu huyo namna ya kulishika yai changa bila kuliua.

Mwaka 1979 alikwenda Babraham, taasisi ya utafiti wa wanyama iliyo karibu na Cambridge. Huko akalikamata swali moja na hakuliachia: Je, kiumbe kinaweza kukua kwa vinasaba vya mama peke yake, bila baba? Au vya baba peke yake, bila mama?

Msomaji anaweza kucheka. Atasema hilo hata mtoto wa madrasa anajua jibu lake. Lakini wakati ule wataalamu wengi waliamini kuwa vinasaba vya baba na vya mama ni sawa kwa sawa, mradi idadi itimie. Hata mwaka 1977 lilichapishwa dai kwamba wamezaliwa panya wenye mzazi mmoja tu. Wengine walipojaribu kurudia kazi hiyo hawakupata kitu. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya elimu na porojo. Katika elimu, ukidai jambo, mwenzako ana haki ya kulirudia mbele ya macho yake.

Surani na wenzake, Sheila Barton na Michael Norris, walifanya hivi. Mbegu ya kiume ikishaingia ndani ya yai, kwa saa chache huonekana mafungu mawili madogo, moja la baba na jingine la mama, kabla hayajaungana. Kwa kutumia sindano ya kioo nyembamba kupita unywele, chini ya hadubini, waliondoa fungu moja na kuweka jingine mahali pake. Wakapata mayai ya panya ya aina tatu. Aina ya kwanza ilikuwa na mafungu mawili ya mama, ya pili mafungu mawili ya baba, na ya tatu fungu moja la kila mzazi.

Idadi ya vinasaba ilikuwa ile ile katika aina zote tatu, lakini ni yale ya baba na mama pamoja tu yaliyozaa panya. Yenye mafungu mawili ya mama yalianza kutengeneza kijusi, lakini kondo la nyuma lilidumaa. Yenye mafungu mawili ya baba yalitengeneza tishu za kondo vizuri, lakini kijusi kilikuwa duni. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1984. Mwaka huo huo, James McGrath na Davor Solter huko Philadelphia, Marekani, walifika penye jibu hilo hilo kwa kazi yao wenyewe.

ALAMA YA PENSELI

Maana yake nini? Chukua nakala mbili za kitabu kimoja. Maneno ni yale yale kurasa zote. Lakini baba amepitia nakala yake na penseli, akaandika pembeni mwa mistari fulani, "usisome hapa". Mama naye amepitia nakala yake, akaandika hivyo kwenye mistari mingine. Mtoto anapewa nakala zote mbili. Pale baba aliponyamazisha, husomwa ya mama. Pale mama aliponyamazisha, husomwa ya baba. Ukimpa mtoto nakala mbili za baba, mistari mingine itasomwa mara mbili na mingine haitasomwa kabisa.

Baada ya hapo Surani alitumia miaka mingi kuuliza alama hizo huwekwa lini na hufutwa lini. Mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, seli zake chache hutengwa ili siku moja ziwe mayai au mbegu za kiume. Kwa panya huanza kama seli arobaini tu. Seli hizo hazijichagui zenyewe. Huamrishwa kwa ishara kutoka kwa seli jirani, na baada ya kuamrishwa hufuta penseli za zamani, za baba na za mama, ili ziandikwe upya kulingana na jinsia ya mwenye mwili. Mwaka 2015 yeye na wenzake walionyesha jeni inayoshika usukani wa hatua hiyo kwa binadamu, na ikaonekana kuwa si ile iliyotarajiwa kutokana na panya.

Surani alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini akawa profesa Cambridge, katika taasisi ambayo sasa inaitwa kwa jina la John Gurdon. Taasisi hiyo iliundwa ili ukuaji wa kiumbe na saratani vichunguzwe chini ya paa moja. Mwaka 2018 yeye na Solter walipewa tuzo ya Gairdner ya Canada, na mwaka 2025 akapewa Tuzo ya Kyoto ya Japani. Tangu ugunduzi ule wa 1984 mpaka tuzo ya Kyoto ni miaka 41, na swali ni lile lile.

SELI HUSEMEZANA

Pengine unajiuliza, kijusi na saratani vina uhusiano gani hata vikawekwa chini ya paa moja? Uhusiano ni mkubwa. Mwili wako ulianza na seli moja, ikagawanyika mbili, nne, nane, mpaka ukawa wewe. Katika safari hiyo kila seli inahitaji kujua lini ikue, lini isimame, iwe ngozi au iwe figo, na lini ife ili kuwapisha wengine. Seli hujuaje? Huambiwa. Seli moja hutoa kitu kidogo mfano wa barua, na seli nyingine ina mlango wenye kitasa kinachoitambua barua hiyo. Ikipokea, taarifa hupita ndani hatua kwa hatua mpaka kwenye vinasaba, na amri hutekelezwa.

Mfano wake ni swala ya jamaa katika msikiti uliojaa. Imamu hutoa takbira, na mwenye kufikisha sauti huirudia kwa walio nyuma. Safu zote hurukuu pamoja na husimama pamoja. Saratani ni mfano wa mtu ambaye haimsikii tena imamu. Anarukuu na kusujudu peke yake mfululizo, kisha anawavuta walio pembeni yake mpaka safu nzima inavurugika. Saratani haikuleta maneno mapya mwilini. Inatumia amri zile zile zilizomkuza mtoto tumboni, isipokuwa inazitumia pasipo wakati wake na bila breki.

Mfano mmoja ni ishara ya ukuaji inayoitwa IGF2. Kwa kawaida nakala ya baba ndiyo inayotoa ishara hii, na ya mama imenyamazishwa kwa ile penseli. Katika baadhi ya uvimbe wa figo wa watoto wadogo, ule unaoitwa Wilms, iligunduliwa mwaka 1993 kuwa nakala ya mama nayo imeamka. Amri ya "kua" inatolewa mara mbili. Kwa hiyo, mzazi unayemwogesha mtoto wa miaka miwili au mitatu na mkono wako ukagusa uvimbe mgumu ubavuni, usisubiri uishe wenyewe na usimpeleke kuchanjwa. Usiubonyezebonyeze. Mpeleke hospitali, kwani uvimbe huo ukiwahiwa unatibika.

TURUDI KWENYE ZABIBU

Sasa, ndugu msomaji, kumbuka lile yai la panya lenye mafungu mawili ya baba: kondo linasitawi na kijusi ni duni. Kisha kumbuka usiku ule wa mama yetu: vishada vya zabibu na mtoto hayupo. Vishada vile ni kondo la nyuma lililokua bila mpaka.

Mwaka 1977 wataalamu Kajii na Ohama walikuwa wamekwishaonyesha kuwa katika mimba zabibu kamili vinasaba vyote vya kiini vimetoka kwa baba. Kwa kawaida yai lililokosa kiini chake hupokea mbegu ya kiume, na vinasaba vya mbegu hiyo hujirudufu ili idadi itimie. Mara chache huingia mbegu mbili. Kazi ya Surani na Solter ikaeleza kwa nini hali hiyo huzaa kondo bila mtoto. Ipo pia mimba zabibu nusu, ambayo yai zima huingiwa na mbegu mbili. Na ipo aina adimu sana ya kurithi, ambayo humrudia mama mmoja mara kwa mara.

Kinyume chake ni yai linaloanza kukua lenyewe ndani ya kifuko cha mayai, bila mbegu ya baba. Hapo hutokea uvimbe ambao daktari akiupasua hukuta nywele, mafuta, hata meno. Ni mara ngapi tumesikia watu wakiapa kwamba nywele zilizotolewa tumboni mwa mwanamke ziliwekwa na mchawi? Hazikuwekwa na mtu. Ni yai lililoanza safari na nakala za mama peke yake. Uvimbe huo mara nyingi si saratani, na upasuaji huumaliza.

Kwa hiyo, ewe mume unayemlaumu mkeo kwa sababu ametokwa na zabibu, fikiri tena. Katika ile aina kamili, vinasaba vyake wewe ndiwe uliyevileta, vya mkeo havimo. Hatusemi hivyo ili lawama ihame kutoka kwa mke iende kwa mume. Hakuna aliyekosea. Hakuna chakula alichokula wala njia aliyopita. Ni tukio lililotokea katika saa za mwanzo kabisa, kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Huweza kumpata yeyote, ingawa huonekana zaidi kwa wasichana wadogo na kwa kina mama waliopita miaka arobaini.

"MBONA MGANGA ALIMPONYA FULANI?"

Hili ni swali la haki na linastahili jibu. Katika kila wanawake mia moja waliopata mimba zabibu kamili na kusafishwa kizazi, kama themanini hivi hawapati tatizo tena. Kwa hiyo mtu yeyote atakayesimama karibu nao na chupa ya dawa atapata sifa. Angewapa hata maji matupu, angesifiwa. Shida ni wale kumi na tano mpaka ishirini waliobaki. Kwa hao, seli za kondo zilizobaki ndani huendelea kukua, na baadhi huwa saratani kamili, ambayo hupita kwenye damu mpaka mapafu na hata ubongo. Mama anaanza kukohoa damu, na nyumbani wanasema ni kifua kikuu.

Jambo la kushukuru ni kuwa saratani hii ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Mwaka 1956 huko Marekani, daktari Min Chiu Li, mzaliwa wa China, akiwa na Roy Hertz, aliwatibu wanawake wenye saratani ya kondo kwa dawa iitwayo methotrexate, na uvimbe uliokuwa umeenea mapafuni ukatoweka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa uvimbe wa saratani wa namna hiyo kumalizwa kwa dawa peke yake.

Li alifanya jambo jingine lililomgharimu. Kondo hutoa homoni ya mimba, ile ile inayopimwa kwenye mkojo. Wagonjwa wake walipoonekana wamepona, homoni ilikuwa bado ipo kidogo katika vipimo. Wakubwa wake waliona inatosha. Yeye aliona kuwa seli bado zinatoa ishara, na maadamu ishara ipo, ugonjwa upo. Akaendelea kutoa dawa mpaka homoni ikatoweka. Kwa ubishi huo alipoteza kazi yake pale. Baadaye ikaonekana kuwa alioendelea kuwatibu hawakurudiwa na ugonjwa, na walioachishwa dawa mapema walirudiwa. Leo duniani kote mimba zabibu hufuatiliwa kwa njia hiyo. Ugonjwa ukigunduliwa mapema kwa ufuatiliaji, karibu wagonjwa wote hupona, na wengi huzaa tena.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mama mjamzito aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Damu yoyote ukeni wakati wa mimba, kutapika kupita kiasi, tumbo kubwa kuliko miezi yake, au shinikizo la damu kupanda kabla ya miezi mitano, ni sababu ya kwenda hospitali yenye kipimo cha altrasaundi. Kipimo hicho huonyesha mara moja kama kuna mtoto au hakuna.

Pili, akitokwa na vitu kama zabibu, asivitupe chooni wala asivizike kwa siri. Anayemsaidia avae glovu, au mifuko safi ya plastiki mikononi, aviweke katika chombo kisafi chenye mfuniko, na viende hospitali pamoja na mgonjwa. Kisha anawe kwa sabuni. Mgonjwa apelekwe haraka, kwa kuwa damu inaweza kutoka nyingi kwa ghafla. Ndugu wawili au watatu waende naye wakiwa tayari kutoa damu.

Tatu, asiwekewe chochote ukeni, iwe majani, unga au maji ya dawa. Wala asinyweshwe dawa ya kienyeji ya kusukuma uchungu. Kizazi husafishwa na mtaalamu kwa mashine ya kuvuta, na mengine huongeza damu na uchafu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kusafishwa si mwisho. Lazima arudi kupimwa damu kila wiki moja au mbili mpaka homoni irudi kawaida, kisha kila mwezi kwa muda atakaopangiwa. Katika muda huo wasitafute mimba nyingine, kwa sababu mimba mpya hutoa homoni ile ile na kuficha ugonjwa unaorudi. Mume na mke wakae na daktari wachague njia inayowafaa. Na kama mwanamke aliyewahi kupata mimba zabibu, au aliyezaa au kuharibikiwa na mimba, anatokwa damu isiyokoma au anakohoa damu, aieleze historia hiyo kwa daktari waziwazi, hata asipoulizwa.

WAJIBU WETU SISI

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Ni rahisi kuandika "arudi kila wiki". Mama wa Mpui akirudi kila wiki, anarudi kwa nauli. Vipimo vya damu vyenye kutoa hesabu ya homoni havipo katika kila zahanati. Itambidi aende Sumbawanga mjini, na pengine apelekwe Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam. Katika msimu wa kulima, mama mwenye watoto wanne na shamba la mahindi hawezi kusafiri kila wiki kama hakuna wa kumshika mkono. Atakwenda mara ya kwanza, atakwenda ya pili, atajiona mzima, ataacha. Na hapo ndipo wengi hupotea, baada ya tiba kuwa imekwishafanikiwa nusu.

Wako watakaosema haya ni majaaliwa na mja hana la kufanya. Mbona akiumwa ng'ombe wetu tunamtafuta bwana mifugo? Mbona mahindi yakishambuliwa tunanunua dawa ya shamba? Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakujawahi kuwa na maana ya kufunga mikono. Na kumtuhumu jirani uchawi bila ushahidi ni dhulma, ambayo kila mmoja wetu anajua atakwenda kuijibia.

Sisi tunachanga kwa harusi. Tunachanga kwa maulidi. Msiba ukitokea tunachanga kabla jua halijazama. Hatujashindwa kuchanga, ila tumezoea kuchanga mtu akishakufa. Rai yetu ni kuwa kila msikiti wa tarafa hii uwe na mfuko mdogo wa nauli ya mgonjwa anayetakiwa kurudi hospitali mara kwa mara, na usimamiwe na kina mama wenyewe, maana wao ndio wanaojua nani amerudi na nani ameacha. Kina mama hao wawe na daftari la tarehe za kurudi. Pasitajwe ugonjwa, iandikwe tarehe tu. Na serikali nayo tuikumbushe bila kuchoka: kipimo kinachookoa maisha kisikae mbali kiasi cha kumshinda mwenye uhai wa kuokolewa.

La mwisho ni kuhusu watoto wetu. Kisumu ya mwaka 1945 haikuwa London. Ulikuwa mji wa kando ya ziwa kama ilivyo miji yetu. Mtoto aliyetoka huko ameifundisha dunia kwamba kila mmoja wetu amebeba mwandiko wa baba na mwandiko wa mama, na kwamba mmoja bila mwingine haukamiliki. Je, huyo binti yako wa darasa la sita, anayeuliza kwa nini kifaranga kiko ndani ya yai, unamjibu nini? Unamwambia anyamaze akatwange? Baiolojia katika sekondari zetu za kata haina walimu wa kutosha wala hadubini za kutosha, hilo ni kweli. Lakini swali halihitaji hadubini ili liulizwe, na mtoto asiyekatazwa kuuliza huenda akafika mbali. Tumpe daftari, tumlipie mtihani, na tusimwoze kabla hajalimaliza swali lake.

Mtu huyu alilifuata swali moja kwa miaka zaidi ya arobaini. Li aliifuata homoni mpaka ikatoweka. Sisi tunaombwa kumfuata mama mmoja kwa miezi michache tu, mpaka daktari aseme sasa basi. Tukishindwa hilo, tusije kukaa kwenye jamvi la msiba wake tukaulizana nani amemroga.

Wabillahi tawfiq.